Sura ya Sita: Ardhi Yake, Nyumba Zao

Swali la kwanza huulizwa kwa mshangao. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia kwamba familia 100 huko Marekani zimepewa ilani ya kuondoka kwenye mtaa wa nyumba za magurudumu, hujibu papo hapo: si wazivute waende nazo? Swali la pili lina ukali kidogo: na huyo mwenye ardhi, kwani kakosa nini? Ardhi ni yake, hati anayo, kodi ya serikali analipa. Iweje aombe ruhusa ya kuiuza?

La kwanza lina jibu fupi. La pili limezihangaisha mahakama za Marekani kwa zaidi ya miaka 30, na sura hii inalitazama kwanza kutoka upande usio na marafiki wengi, upande wa mwenye kiwanja. Magazeti humchora kama bepari mwenye tingatinga, basi. Hesabu zake ni nadra kuchapishwa. Anazo, na si zote mbovu.

Magurudumu ya jina tu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Trela zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya watalii zikageuka makazi ya vibarua, askari waliorudi vitani na wastaafu. Watu waliokuwa na vipande vya ardhi pembezoni mwa miji walichonga barabara, wakavuta maji na umeme, wakagawa viwanja na kuvikodisha. Trela zenyewe zikazidi kurefuka na kupanuka mpaka gari la kawaida likashindwa kuzivuta. Mwaka 1976 serikali kuu ilianza kusimamia ubora wake kwa kanuni moja ya nchi nzima, na kwenye karatasi zikaitwa nyumba za kiwandani. Wanaoishi ndani yake leo ni watu karibu milioni 20. Mitaani zingali trela, na sura hii itafuata mtaa.

Nyumba ya namna hii hutoka kiwandani ikiwa na jiko, choo na madirisha yake. Lori huileta, hushushwa juu ya nguzo fupi za matofali, na magurudumu huondolewa. Mwenyewe huiunganisha na maji, umeme na bomba la majitaka, kisha huongeza baraza, ngazi, kibanda cha vifaa na vyungu vya maua. Kuing'oa baada ya miaka 20 ni gharama ya maelfu ya dola, na zile kuukuu huweza kuvunjika njiani. Ikifika salama, itafikia wapi? Mitaa mingi haipokei trela iliyozeeka, na halmashauri nyingi za miji hazitaki kusikia habari ya mtaa mpya wa trela. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mwaka 1992 tutakayoifikia, ilitaja makadirio kwamba kati ya nyumba 100 za aina hii ni moja tu hivi ambayo huja kuhamishwa.

Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa trela yuko katikati. Nyumba ni yake, kaikopea, ana risiti. Udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine, na kila mwezi anaulipia kodi ya kiwanja. Hata mkopo wake una sura hiyo: kwa kuwa hana ardhi ya kuweka rehani, mara nyingi hukopeshwa kama mtu anayenunua gari, kwa riba ya juu na muda mfupi.

*Kwa ufupi: trela haihami. Mwenye nyumba hana ardhi, mwenye ardhi hana nyumba, na hakuna kati yao anayeweza kufaidi mali yake bila mwenzake.*

Hesabu za mwenye kiwanja

Tuchukue mtaa wa kubuni wenye viwanja 100, kila kimoja kikilipiwa dola 600 kwa mwezi. Kwa mwaka, makusanyo ni dola 720,000. Mwenye ardhi hatii zote mfukoni. Kuna kodi ya ardhi, bima, mshahara wa msimamizi, taka, taa za barabarani. Kuna mabomba, na hapa ndipo wazee wenye mitaa hii wanapoguna. Ndani ya uzio, barabara na mabomba kwa kawaida ni mzigo wa mwenye mtaa, si wa jiji, na mengi yalifukiwa miaka ya 1950 na 1960. Bomba kuu la majitaka likipasuka, anayepigiwa simu saa nane za usiku ni yeye.

Tuseme gharama zote zinakula asilimia 40. Zinabaki dola 432,000. Mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 6 kwa mwaka atakuwa tayari kuulipia mtaa huo dola milioni 7.2. Hiyo ndiyo thamani yake ukiendelea kuwa mtaa wa trela.

Sasa inakuja kampuni ya ujenzi wa maghorofa. Jiji limekua, mtaa uliokuwa porini umezungukwa na ofisi na maduka, na kampuni hiyo inaweka mezani dola milioni 20 kwa ardhi tupu. Mwenye kiwanja ana miaka 70 na kitu. Watoto wake ni mhasibu na daktari wa meno, hawataki habari ya mabomba. Akikataa kuuza, kwa macho yake anakuwa ametoa sadaka ya dola milioni 12.8, tena sadaka ambayo hakuna aliyemwomba kwa adabu. Jirani yake mwenye kituo cha mafuta aliuza mwaka jana, na hakuna aliyebeba bango.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo jingine, la upande wa pili. Mwenye mtaa akipandisha kodi kwa dola 50 tu kwa mwezi, anapata dola 60,000 zaidi kwa mwaka. Kwa kiwango kilekile cha asilimia 6, thamani ya mtaa imepanda kwa dola milioni moja, bila kupaka rangi hata nguzo moja. Hilo limewavuta wawekezaji wakubwa. Sam Zell, tajiri wa Chicago, alijenga juu yake kampuni inayouza hisa zake sokoni. Kampuni za uwekezaji kama Carlyle zikafuata, na hata mfuko wa serikali ya Singapore, GIC, ukanunua sehemu kubwa ya kampuni moja ya mitaa hii mwaka 2016. Frank Rolfe, mmiliki wa mitaa mingi na mwalimu wa wanaotaka kuingia kwenye biashara hiyo, aliwahi kuilinganisha na mkahawa ambao wateja wamefungwa minyororo kwenye viti vyao. Maneno hayo yamemfuata tangu hapo.

Ni muhimu kuwatenganisha wenye viwanja hawa wawili. Yupo mzee aliyechoka anayetaka kufunga mtaa na kuuza, na ipo kampuni inayonunua ili iendelee kukamua. Hasira za umma humwangukia zaidi wa kwanza, kwa sababu tingatinga hupigwa picha na kodi inayopanda polepole haipigwi. Ila mpangaji anayehama kwa kushindwa kodi huiacha trela yake nyuma vilevile, na anahama bila mkutano wa baraza la jiji, bila fidia, bila mwandishi wa habari.

Buena Vista

Palo Alto, California, ni mji wa Chuo Kikuu cha Stanford na wa kampuni zilizotajirika kwa kompyuta. Kufikia mwaka 2015, nyumba ya kawaida ya familia ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Kando ya barabara ya El Camino Real, nyuma ya maduka, kulikuwa na ekari nne na nusu zilizokuwa na historia nyingine kabisa: mtaa wa trela wa Buena Vista, wenye kaya zaidi ya 100 na wakazi karibu 400, wengi wao wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Walikuwa wapishi, watunza bustani, wasafishaji wa ofisi, walezi wa watoto. Watoto wao walisoma shule za serikali za Palo Alto, ambazo ni miongoni mwa bora za jimbo, na kwa wazazi wengi hiyo ilitosha kuwa sababu ya kubanana pale.

Familia ya Jisser iliununua mtaa huo mwaka 1986 na kuuendesha kwa miaka 26. Mwaka 2012 ikaliarifu jiji kwamba inataka kuufunga. Kampuni ya ujenzi ilikuwa tayari kununua ardhi kwa takriban dola milioni 30 na kujenga nyumba za kupanga za hali ya juu.

Hapo ndipo familia ilipokutana na sheria ya jiji ya mwaka 2001. Sheria hiyo haikumkataza mwenye ardhi kufunga mtaa. Ilimtaka, kabla ya kufunga, awalipe wakazi: thamani ya nyumba zao zisizohamishika, gharama za kuhama, na nyongeza ya kuwasaidia kodi huko waendako. Wathamini wakaja na vipimo vyao, mawakili wakaja na vyao. Vikao viliendelea mwaka baada ya mwaka. Kampuni ya ujenzi ikachoka, ikajitoa. Mei 2015 baraza la jiji liliidhinisha kufungwa kwa masharti ya malipo hayo, ambayo kwa hesabu ya familia yangefika dola milioni 8.

Wakazi wakashtaki, wakisema fidia haitoshi. Familia nayo ikashtaki, ikisema fidia isingepaswa kuwepo.

Hoja ya familia inastahili kuelezwa bila kupindishwa. Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya Tano, inasema serikali haiwezi kuchukua mali ya mtu kwa matumizi ya umma bila kumlipa fidia ya haki. Familia ilidai kwamba jiji lilikuwa likiiuzia haki iliyokuwa tayari yake: haki ya kuacha biashara. Wao hawakusababisha nyumba za Palo Alto kuwa ghali. Walioziongeza bei ni kampuni za teknolojia zilizoleta maelfu ya wafanyakazi wenye mishahara minono, na wenye nyumba waliopinga kila ghorofa lililopendekezwa kujengwa mtaani kwao, na baraza la jiji lililowasikiliza wapiga kura hao kwa miongo kadhaa. Halafu siku ya kulipa, bili ikapelekwa kwa mmoja tu, yule ambaye kwa miaka 26 ndiye aliyekuwa akiwapa maskini mahali pa kukaa.

Ni vigumu kuisoma hoja hiyo bila kukubali sehemu yake. Ugonjwa ulikuwa wa mji mzima, dawa ikatozwa mtu mmoja.

Lakini kuna kipande ambacho hoja hiyo inakipita kwa haraka. Siku mkazi wa Buena Vista alipoingia, alinunua trela kwa makumi ya maelfu ya dola na kuiweka, au kuikuta, juu ya kiwanja cha kukodi. Mwenye ardhi alihitaji mtu alete nyumba, kwa sababu kiwanja kitupu hakilipwi kodi. Mtaji wa nyumba 100 zile ulitoka mifukoni mwa wapangaji. Mjenzi wa kawaida wa nyumba za kupanga hukopa, hujenga, hubeba hatari. Hapa hatari ya jengo ilibebwa na mpangaji, na mwenye ardhi akavuna kodi ya miaka 26 bila kununua hata bati. Mtaa ukifungwa, mtaji wa mmoja unapanda kuwa mamilioni na wa mwingine unakuwa vyuma chakavu, kwa tendo lilelile, siku ileile.

Mgogoro haukumalizwa na hukumu. Ulimalizwa na hundi. Joe Simitian, mjumbe wa bodi ya Kaunti ya Santa Clara, alishikilia kwamba umma ndio ununue. Jiji likatenga dola milioni 14.5, kaunti ikatenga kiasi hichohicho, na Shirika la Nyumba la kaunti likaongeza. Mwaka 2017 shirika hilo liliinunua Buena Vista kwa dola milioni 40 na kidogo. Wakazi wakabaki. Familia ikapata zaidi ya ile bei ya kwanza. Kwa namna fulani madai ya mwenye kiwanja yalikuwa yametimizwa: mji uliotaka maskini wabaki ulilazimika kuingia mfukoni mwake wenyewe.

*Kwa ufupi: mwenye ardhi ana haki kuuliza kwa nini alipe peke yake. Hana haki sana kusema hana deni lolote.*

Wenye viwanja mbele ya majaji tisa

Kwa nini kufunga, kwani? Mtu akiona faida ndogo si apandishe kodi? Katika miji mingi ya California hawezi kupandisha apendavyo. Mwaka 1988 wapiga kura wa Escondido, kaskazini mwa San Diego, walipitisha sheria iliyorudisha kodi za viwanja vya trela kwenye viwango vya mwaka 1986 na kuzuia ongezeko lolote lisiloidhinishwa na baraza. John na Irene Yee, waliokuwa na mitaa miwili pale, waliipinga mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu, Washington.

Hoja yao ilikuwa ya kijanja, na ya kweli kiuchumi. Kodi ya kiwanja ikizuiwa kuwa ya chini, nyumba iliyo juu yake huongezeka bei. Ziko trela mbili zinazofanana kila kitu. Moja iko kwenye kiwanja cha dola 300 kwa mwezi, nyingine kwenye cha dola 700. Mnunuzi mwenye akili ataiongezea ya kwanza bei, kwa kuwa anajua ataokoa dola 400 kila mwezi. Nyongeza hiyo haiendi kwa mwenye ardhi wala kwa maskini anayeingia. Inaingia mfukoni mwa mpangaji anayeondoka. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanyonge, walisema akina Yee, imewapa wapangaji wa leo sehemu ya ardhi yetu wauze.

Mwaka 1992 majaji wote walikubaliana kwamba hoja hiyo haitoshi. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwa niaba ya Mahakama kwamba hakuna aliyeivamia ardhi ya akina Yee. Waliwaalika wapangaji wenyewe, na sheria ya jimbo iliwaachia njia ya kutoka. Wangeweza kubadili matumizi ya ardhi kwa kutoa ilani ya miezi 6 au 12.

Watetezi wa wapangaji walishangilia. Ndani ya ushindi ule, hata hivyo, kulikuwa na maelekezo kwa kila mwenye mtaa aliyebanwa kodi: ukitaka thamani ya ardhi yako, funga. Miji nayo ikaongeza masharti ya kufunga, kama Palo Alto ilivyofanya mwaka 2001. Kila upande umekuwa ukijibu hatua ya mwenzake tangu wakati huo.

Hata Ng'ambo palikuwa na haya

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kueleweshwa sana. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, watu wameishi kwa vizazi katika nyumba wanazozimiliki juu ya viwanja visivyo vyao. Nyumba huuzwa, hurithiwa, hugawanywa kwa mafungu, na kodi ya kiwanja huenda kwa mwenye ardhi. Ni desturi ileile iliyomwezesha mtu kuwa na minazi katika shamba la mwingine. Ilifanya kazi vizuri maadamu ardhi ilikuwa ya kutosha na watu walijuana.

Zanzibar iliwahi kuona kinachotokea ardhi inapopanda bei. Ng'ambo, upande wa pili wa kijito kutoka Mji Mkongwe, wakazi wengi walijenga vibanda vyao wenyewe kwenye viwanja vya matajiri au vya wakfu, yaani ardhi iliyowekwa kwa ajili ya sadaka ya kudumu. Hapo mwanzo kodi ilikuwa ndogo, pengine haikudaiwa. Miaka ya 1920 mji ulikua, wenye viwanja wakaanza kudai zaidi na kuwapeleka wapangaji mahakamani. Mwaka 1928 wapangaji wakagoma kulipa. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haja kubwa ya kuwapendelea, ililazimika kuingilia na kudhibiti kodi za viwanja. Wenye ardhi wa Ng'ambo walisema yaleyale ambayo akina Yee wangesema miaka 60 baadaye: ardhi ni yetu. Wapangaji nao walisema yaleyale: na nyumba je?

Dola 14,000 kabla ya Januari kwisha

California ina sheria nyingi. Florida ina chache, na hapo hoja ya mwenye ardhi inapata nafasi ya kutembea bila kushikwa mkono. Novemba 2024, wakazi wa Li'l Abner, mtaa wa trela katika mji wa Sweetwater karibu na Miami, walipata ilani. Kaya zaidi ya 900, nyingi za Wakuba na Wanikaragua, ziliambiwa mtaa utafungwa Mei 19, 2025. Anayeondoka kabla ya mwisho wa Januari atapewa dola 14,000. Anayengoja mpaka mwisho wa Aprili, 7,000. Baada ya hapo, 3,000.

Mmiliki alieleza kwamba eneo hilo litajengwa nyumba za bei nafuu, na kwamba alichotoa kilizidi alicholazimishwa na sheria. Ukitazama kwa jicho la biashara, ngazi ile ya malipo ina mantiki: kila mwezi wa kuchelewa ni gharama kwake, basi anainunua haraka. Ukitazama kutoka ndani ya trela, kuna familia zilizokuwa zimelipa makumi ya maelfu ya dola kwa nyumba hizo, nyingine miaka michache tu kabla. Dola 14,000 katika Miami ni kodi ya miezi michache ya nyumba ya vyumba viwili. Waliogoma kuondoka walikwenda mahakamani huku majirani zao wakihama na trela zilizoachwa zikibomolewa pembeni mwao.

Mtu anaweza kuunga mkono maghorofa yale. Ekari moja ya trela hukaa familia chache kuliko ekari moja ya ghorofa la orofa sita, na Miami ina njaa ya nyumba. Hoja hiyo ni nzuri kwa mpangaji wa mwaka 2030. Haimsaidii wa 2025, kwa kuwa kati ya kubomoa na kukabidhi funguo kuna miaka kadhaa, na hajui atalala wapi humo katikati.

Kinachobishaniwa hasa

Ukiondoa matusi ya pande zote, mabishano hubaki juu ya mambo matatu.

- *Muda.* Miezi sita ni mingi kwa mwenye mkopo wa ujenzi na michache mno kwa mzee wa miaka 80. Huu ndio upande ambao wenye viwanja hulegeza mapema, maana muda ni nafuu kuliko fedha.
- *Bei ya nyumba.* Je, trela ithaminiwe kama bati na mbao, au kama nyumba iliyo mahali pake? Trela ya dola 5,000 porini inaweza kuwa ya 60,000 ikiwa karibu na shule nzuri. Mwenye ardhi husema tofauti hiyo ni ardhi yake. Mpangaji husema ndiyo aliyoilipia aliponunua. Wote wanasema kweli.
- *Nafasi ya kununua.* Baadhi ya majimbo humtaka anayeuza awaarifu wakazi kwanza. New Hampshire inawapa siku 60. Colorado ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2020.

Jambo la tatu ndilo linalowasumbua wenye viwanja kidogo kuliko wanavyodai. Bei yao haiguswi. Anabadilika mnunuzi tu. Hata hivyo linategemea sana maneno ya sheria. Katika mtaa wa Lowry Grove, mji wa St. Anthony huko Minnesota, mwenye ardhi alikuwa akimuuzia mjenzi kwa dola milioni 6. Wakazi, wakisaidiwa na shirika lisilo la faida, walileta ofa ya kiasi hichohicho ndani ya siku walizopewa. Ofa ilikataliwa, mauzo kwa mjenzi hayakutenguliwa, na Juni 2017 mtaa ukafungwa. Sheria ilikuwepo, ila haikuwa na meno.

Wapangaji wakiwa ndio wenye ardhi

Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Meredith, New Hampshire, kaya 13 ziliunda ushirika na kununua ardhi ya mtaa wao wa trela kwa mkopo wa mfuko wa kijamii. Mfano ukaenea. Mwaka 2008 likaanzishwa shirika la kitaifa, ROC USA, la kuwakopesha na kuwashauri wakazi wanaotaka kununua, na mitaa ya ushirika iliyo katika mtandao wake sasa imepita 300. Kodi hupanda pole, mabomba hutengenezwa, mikutano huwa mirefu na yenye ugomvi.

Ila asidhani mtu kwamba kumiliki ardhi hubadilisha moyo. Briny Breezes, Florida, ni mtaa wa trela ulio pwani ya Bahari ya Atlantiki wenye nyumba zipatazo 490. Wakazi waliinunua ardhi mwaka 1958, na mwaka 1963 mtaa ukatambuliwa kuwa mji kamili, wenye meya wake. Kila mwenye kiwanja ana hisa. Mwaka 2007 mezani palikuwa na ofa ya dola milioni 510 kutoka kwa kampuni iliyotaka kujenga hoteli na makazi ya kifahari. Ilikuwa sawa na karibu dola milioni moja kwa kila nyumba. Zaidi ya asilimia 80 ya hisa zilipiga kura ya kuuza. Wachache waliokataa waliwasikia majirani zao, watu waliocheza nao karata kwa miaka, wakieleza kwa ufasaha kwamba mali ni mali na mtu hawezi kuzuiwa kuifaidi. Mauzo yalivunjika miezi michache baadaye, na mji uko palepale.

Kule Palo Alto, Shirika la Nyumba liligundua lililomkuta kila mwenye mtaa kabla yake. Mabomba yalikuwa yamechoka, nyaya za umeme zilikuwa za hatari, na trela nyingi hazikustahili kutengenezwa. Mpango wake ukawa kujenga upya: upande mmoja jengo la nyumba za kupanga za bei nafuu, upande wa pili viwanja vichache zaidi vya trela mpya. Wakazi waliopigania kubaki wakaanza kumuuliza mwenye ardhi huyu mpya wa umma maswali yaleyale waliyomuuliza wa zamani: nani atapangiwa ghorofani, nani atabaki na trela, na anayekubali kupanda ghorofani, ile nyumba aliyoinunua kwa fedha yake italipwa kiasi gani?